Landrova ya Aako Tluway na Bei Niliyoitaja

Rangi, wanangu, iangalieni mwisho. Mnunuzi akifika, macho yake hukimbilia rangi kama kuku anavyokimbilia mahindi yaliyoanikwa. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana ameipaka jana yake. Ninyi vijana wa Karatu mnaounda upya magari ya kupeleka wageni kreta, mnakuja kunionyesha picha kwenye simu na kuniuliza, "Mzee Damiani, hii inaweza kwenda kwa ngapi?" Nami nawajibu kila siku jibu lilelile: sijui, kwa sababu picha haina tumbo. Gari lina tumbo. Vueni koti, laleni chali, ingieni chini.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu: kulala chini ya magari ya watu.

Miaka ya sabini ikielekea themanini, gari jipya huku kwetu lilikuwa kitu cha kusikia tu. Kulipata kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji subira ya ukoo mzima. Vipuri navyo vilikuwa vya kubembeleza. Basi tuliishi na vya zamani. Landrova zilizoachwa na walowezi kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, malori yaliyofia mabondeni njia ya Mbulu, yote yaliburutwa kwa maksai hadi mjini, yakafunguliwa kipande kwa kipande, yakafufuliwa. Gari likishafufuka, linabaki swali moja: lina thamani gani? Hakukuwa na orodha ya bei wala mahali pa kuulizia. Gari lilelile asubuhi liliitwa chuma chakavu, jioni likaitwa dhahabu, kutegemea nani siku hiyo ana shida zaidi. Kwa hiyo watu walihitaji mtu wa katikati, asiyeuza wala kununua, aingie chini, atoke, aseme. Mtu huyo nikawa mimi. Waliniita Mpimaji.

Aliyenifundisha ni Aako Tluway. Sisi Wairaqw tukisema aako tunamaanisha babu, ingawa hakuwa ndugu yangu hata wa mbali. Mji mzima ulimwita hivyo. Alikuwa fundi wa shamba la kahawa tangu ujana wake, na walowezi walipoondoka alibaki na spana zao na kiwanja chenye mabanda mawili, upande wa kwenda Rhotia. Alikuwa mtu mrefu, hasemi sana, na akisema husema huku anafuta mikono. Nilimwendea nikiwa na umri wa miaka ishirini na nne, nimeacha kulima ngano ya baba kule Daa, nikidhani ninajua magari kwa sababu niliwahi kuendesha trekta.

Wiki yangu ya pili tu nilijiaibisha. Nilikuwa nimesikia kwamba mpimaji lazima awe na sumaku. Ukiiweka kwenye bodi ikashika, chini yake kuna chuma. Ikianguka, kuna puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya kupaka rangi. Nikang'oa sumaku kwenye spika ya redio mbovu. Akaja mwalimu mmoja na Landrova yake, watu wamejaa. Nikaweka sumaku mlangoni, ikaanguka. Nikaweka kwenye boneti, ikaanguka. Kwenye madigadi, ikaanguka. Nikasimama kama hakimu nikatangaza, "Jamani, gari hili lote ni puti!"

Aako Tluway alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Damiani," akasema, "nenda jikoni kwa mama yako ukaijaribu sumaku hiyo kwenye sufuria."

Bodi ya Landrova, wanangu, ni alumini, kama sufuria. Sumaku haiwezi kuishika hata mngeomba. Chuma kiko kwenye chesisi na kwenye ule ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva, na huko ndiko kutu hukaa. Mwalimu yule hakunisamehe kwa muda mrefu, na kila aliponiona sokoni alipandisha sauti: "Mpimaji, leo umepima sufuria ngapi?"

Nikajifunza taratibu. Nilijifunza kufika kwa mwenye gari bila taarifa, niguse injini ikiwa baridi, maana injini iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha jambo. Nilijifunza kuchovya kidole kwenye oili ya girboksi na kuipekecha. Kuna mtu mmoja wa Mang'ola aliwahi kuleta lori ambalo gia zake zilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Nikapekecha oili, nikakuta nyuzinyuzi. Alikuwa ameshindilia maganda ya ndizi yaliyotwangwa ili meno yaliyokatika yasipige kelele. Nilipomwonyesha kidole changu akasema kwa utulivu kabisa, "Basi angalau umejua halina njaa."

Na nilijifunza vumbi. Hilo halifundishwi popote. Gari huweza kuoshwa mara mia, lakini kwenye pembe za chesisi, pale mkono hauingii, vumbi hubaki likieleza lilikoishi. Udongo mwekundu ni wa Karatu. Gari hilo limehangaika na matope, tazama klachi. Vumbi la kijivu, laini kama unga, ni la Olbalbal, ng'ambo ya kreta. Tazama springi na chujio la hewa la injini. Ukikuta weupe unaochoma ulimini, hilo limefanya kazi karibu na magadi. Hapo chukua nyundo ndogo, ugonge chesisi yote tangu mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hakilii, hutoa sauti ya mtu aliyegonga boga.

Jambo lililonichukua miaka mingi zaidi halikuwa la chuma. Mwenye bucha mmoja hapa mjini alilitoa ghalani Oldeani gari la Kimarekani, pana kama kitanda cha harusi, injini ya silinda nane, rangi ya damu ya mzee. Mtoto wa mlowezi aliliacha. Mwenye bucha alilifufua kwa miaka mitatu, akanibembeleza nimtajie thamani. Alipoliwasha, ngurumo yake ilinipanda kutoka nyayo hadi kifuani. Hata leo nikifumba macho naisikia. Nikataja bei ya Landrova mbili. Aako Tluway, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akaniuliza kwa Kiiraqw kama nimepima gari au nimejipima mimi. Alikuwa sahihi. Gari lile tumbo lake lilikuwa chini mno kwa barabara zetu, lilikunywa petroli kama maksai aliyetoka kulima, na petroli yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni. Hakutokea mnunuzi. Mwenye bucha aliliendesha Jumapili kutoka nyumbani hadi kanisani, watu wote tukitoka nje kulitazama, na kwa miaka miwili tulifurahi hivyo. Kisha matairi yakaisha, na kuku wake wakaanza kutagia kiti cha nyuma.

Sasa niwaambie lililonifanya niwe mpimaji kweli. Sijivunii sehemu yake ya kwanza.

Aako Tluway alikuwa na Landrova moja, ya chesisi ndefu, aliyoitoa Oldeani na kuiunda kwa miaka miwili. Alisema ni ya mwisho, baada ya hapo atapumzika. Alitengeneza kila kitu kwa mkono wake, akakataa nimsaidie. "Hii niachie," alisema. Nilidhani ni fahari ya mzee.

Wanunuzi walikuwa Wamasai wa Olbalbal. Mkubwa wao aliitwa Lekuta, mzee mwembamba mwenye shuka mbili na kofia ya sufu. Huko kwao kiangazi kilikuwa kimekaza, akina mama wanatembea na punda tangu alfajiri kutafuta maji, na mgonjwa akizidiwa hubebwa kwenye ngozi ya ng'ombe mpaka barabarani. Maboma kadhaa yalikuwa yamekubaliana kutoa madume wao, wapate gari la kubeba mapipa ya maji na watu. Tayari walikuwa na dereva, mtu mzima aitwaye Sironga, aliyejifunzia kwenye malori.

Lekuta alisema, "Tluway tunamjua. Lakini ng'ombe hawa si wangu peke yangu. Naomba Mpimaji aingie chini."

Aako Tluway akanitazama, akatabasamu. "Ingia, Damiani. Waambie."

Nikaingia. Nyundo ililia vizuri, chuma safi, mbele, katikati. Nilikuwa nafurahi kama mtoto anayesahihisha daftari la baba yake na kukuta hakuna kosa. Nikafika nyuma, upande wa kushoto, pale springi inaposhikiliwa na chesisi. Nikagonga. Boga.

Nikagonga tena. Boga. Nikakwangua rangi kwa bisibisi. Kulikuwa na kipande cha bati kilichochomelewa juu ya kutu, na mshono wenyewe haukuingia kwenye chuma. Ulikaa juujuu kama uji uliomwagika, tena ulikuwa umepinda. Mkono wa Tluway ninaoujua mimi haukuwahi kupindisha mshono. Nililala pale chini nikiutazama. Juu yangu nilimsikia akimweleza Lekuta habari za injini, sauti yake ina furaha ambayo sikuwahi kuisikia.

Nikatoka. Watu wote wakanigeukia. Aako Tluway anafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Ni gari zuri," nikasema. Nikataja bei kamili, ya gari lisilo na kasoro.

Lekuta akanipa mkono. "Ashe," akasema, yaani ahsante. Madume wakapelekwa mnadani, na siku ya tatu Sironga akaondoka na Landrova.

Niliporudi nyumbani mchana wa siku gari lilipoondoka, mke wangu Maria aliniwekea chakula, nikakigeuzageuza.

"Gari bovu?" akauliza.

"La Aako."

"Sijauliza la nani. Bovu?"

Nikamweleza. Nilisema kwamba mzee amenilea, nisingeweza kumvua nguo mbele za watu. Nilisema labda litadumu. Maria alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso.

"Watakaopanda ni akina mama," akasema. "Na likivunjika, mtu akajifungua barabarani, utasema nini, kwamba ulimheshimu fundi?"

Nilimkasirikia. Nikakaa na hasira hiyo siku mbili, tangu gari liondoke. Asubuhi ya tatu nikaenda kiwanjani. Ukungu ulikuwa mzito, na Aako Tluway alikuwa ameketi peke yake mahali lilipokuwa limesimama lile gari.

"Aako," nikasema, "pale nyuma, kushoto, springi inaposhikwa..."

Hakuuliza pale wapi. "Uliona," akasema.

"Niliona."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nini wewe uliacha pale vile?"

Hapo akavua kofia. "Jicho hili la kushoto limekwisha, Damiani. Na la kulia linakwenda. Ule mshono niliuchomelea kwa kukisia, kisha nikaupapasa kwa vidole. Vidole viliniambia si mzuri. Nikajiambia, Damiani ataingia, kama ni mbaya ataona, atasema." Akaigeuza kofia mikononi. "Ulipotoka ukasema ni gari zuri, nilifurahi. Nikajua nimebahatika."

Sikuwahi kuambiwa neno zito kuliko hilo. Mzee alikuwa ameyaazima macho yangu, nami nikayafumba nikidhani namheshimu.

Akasimama. "Chukua mtungi wa kabaidi wa kuchomelea na spana. Kuna chesisi iliyokufa nyuma ya banda, kata kipande chake cha nyuma. Twende."

Tulipata lori la mahindi lililokuwa linapandisha, tukapita lango la hifadhi, tukapanda ule msitu wa ukingo wa kreta tukiwa juu ya magunia na vyuma vyetu. Kwenye ukingo ilikuwa baridi na mvua ya rasharasha. Ukianza kuteremka upande wa pili mawingu yanaisha ghafla, na chini kabisa unaona Olbalbal, kavu, ya kijivu. Aako alinishika bega. "Unaliona gari lao?" akauliza. Nikatazama. Kulikuwa na kitu kidogo kimesimama tambarare, na ng'ombe wengi wamekizunguka.

"Limesimama," nikamwambia.

"Limelala au limesimama?"

"Limeinama kwa nyuma."

Lori lilitushusha, tukatembea. Tulipofika tukakuta kipande kile kimeng'oka, springi imepenya juu, na mapipa mawili ya maji yameviringika na kupasuka. Ng'ombe walikuwa wanalamba tope. Wamelibana gari pande zote, wanalia, wanalamba, na hakuna aliyewazuia. Mama mmoja aliyekuwa ameketi juu ya mapipa alikuwa amevunjika mkono. Walishamfunga kwa vijiti na ngozi. Kama kipande kile kingeng'oka kwenye mteremko ule tulioshuka, wanangu, ningekuwa nawasimulia mambo mengine, au nisingesimulia kabisa.

Lekuta alikuwa amesimama na fimbo yake. Hakunisalimu.

"Wewe uliingia chini," akasema. "Uliliona hili?"

Sironga alikuwa ameshaanza kunisaidia: "Mzee, labda halikuonekana, barabara ni mbaya..."

"Nililiona," nikasema. "Niliona, nikanyamaza, kwa sababu ni mwalimu wangu."

Aako Tluway akasogea mbele kwa kupapasa kwa mguu, maana mwanga wa pale ulimwumiza. "Na mimi sioni," akasema. "Nimeficha mwaka mzima. Nilichomelea gari la watu na jicho moja bovu."

Lekuta alitutazama mmoja baada ya mwingine. Alikwenda kwa yule mama, wakaongea Kimaa kwa muda mrefu. Aliporudi akasema, "Yeye anasema mkono utapona, lakini maji hayatarudi pipani. Nyie Wambulu mtakaa hapa mpaka gari litembee." Wambulu ndilo jina wanalotuitia sisi Wairaqw.

Tukakaa siku kumi na moja. Tulilala kwenye boma la Lekuta, tukanywa maziwa yao, na kila asubuhi mimi nikatembea na akina mama na punda hadi kwenye maji, kwa sababu gari walilolinunua kubeba maji lilikuwa juu ya mawe. Ni mwendo mrefu. Siku ya kwanza walinicheka nilivyobeba. Siku ya nne hawakucheka tena, walinipa dumu kubwa zaidi.

Jua likipanda tulifanya kazi. Nilikata sehemu yote iliyooza, nikaunganisha kipande tulicholeta, nikafunga mabamba pande zote kwa bolti, nikachomelea. Aako aliketi kando, na kila nilipomaliza mshono ukapoa, aliingiza mkono akaupapasa polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. "Hapa umekimbia," angesema. "Rudia." Nikarudia. Mshono mmoja niliurudia mara tano. Mara ya tano aliupapasa, akaupapasa tena, akauondoa mkono bila kunitaka nirudie. Nilijua maana yake. Katika miaka yangu yote naye, sikuwahi kujifunza kama siku zile kumi na moja.

Gari liliposimama kwa magurudumu yake, Lekuta aliniita. "Sasa taja bei. Ya kweli."

Nikaingia chini upya, nikagonga yote. Nikatoka nikasema mbele ya kila mtu: injini ni nzima, difu ya nyuma imeanza kuchoka, chesisi imeungwa na itafaa miaka mingi isipopakiwa zaidi ya mapipa matatu, breki ya mkono si ya kutegemea mlimani. Bei niliyotaja ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza kwa thamani ya mitamba wanne. Aako Tluway alitikisa kichwa kukubali. Wiki iliyofuata alituma mitamba wanne kutoka zizini kwake, mmoja kati yao akaenda kwa yule mama.

Landrova ile ilifanya kazi Olbalbal miaka mingi. Ilisafirisha wagonjwa wengi, na watoto wawili walizaliwa ndani yake bila kusubiri hospitali. Sironga aliniletea habari zake kila alipokuja sokoni.

Mimi niliendelea na upimaji, lakini nilibadilisha jinsi ya kusema. Nilianza na kasoro, kwa sauti, mwenye gari akiwa amesimama hapohapo, kisha ndipo nikasema mazuri. Baadhi ya wauzaji waliacha kuniita. Wengine walikuja kutoka mbali, hata kutoka Arusha, kwa sababu hiyo hiyo. Aako Tluway hakushika tena moto wa kuchomelea. Nilimchukua niendapo, naye aliketi kwenye kigoda akisikiliza nyundo yangu, na nikipita haraka aligonga fimbo chini.

Mwaka wake wa mwisho alitaka kuuza lori lake dogo la kubebea kuni. Nilishalipima na kasoro zake nilimwambia, zilikuwa saba. Mnunuzi akaja, mfanyabiashara kutoka Endamarariek, akalizunguka akalisifia rangi, akamwuliza mzee kama lina tatizo lolote.

"Mimi ni kipofu," Aako Tluway akamjibu, akanielekezea fimbo. "Mwulize huyu. Atakwambia mpaka yale ambayo ningependa ayasahau."

Nikamtazama. Alikuwa anatabasamu. Nikazitaja kasoro zote saba.